Tafuta Mashine Inayosamehe

Kijana alifika bandani kwangu Tabata saa mbili asubuhi, begi la mgongoni limemvuta bega upande mmoja. "Shikamoo, mzee." Nikamwitikia. Akafungua zipu, akatoa grainda. Ndiyo, grainda yenyewe, ile ya kukatia nondo, ya mjomba wake anayechomelea mageti Ukonga. Pale penye jiwe la kukatia alikuwa amefunga sahani ya plastiki yenye velkro, na juu yake pedi ya manyoya ya kondoo, nyeupe, haijaguswa na vumbi.

"Imeingia yenyewe, mzee. Sijailazimisha. Meno yake ni yaleyale."

Alisema kweli. Grainda nyingi tunazonunua huku zina shafti ya M14, na mashine nyingi za polishi zina M14 hiyohiyo. Sahani ya moja inakaa kwenye nyingine bila ugomvi, na hapo ndipo watu wanapoponzwa. Kwamba nati imekubali haina maana kwamba kazi imekubali.

"Gari la kwanza lipo?" nikamuuliza.

"Lipo. Harrier nyeusi, ya jirani yetu. Ameniamini."

"Kaa kwanza unywe chai."

Kwenye kibati cha grainda ile paliandikwa 11,000. Ni mizunguko kwa dakika, ikiwa haina mzigo. Pedi yake ilikuwa na upana wa milimita 125. Nikachukua chaki nikapiga hesabu sakafuni. Mzunguko mmoja wa pedi ile, ukingo wake unasafiri sentimita 39. Zidisha kwa 11,000, kisha zidisha kwa dakika 60. Ikatoka zaidi ya kilomita 250 kwa saa.

"Basi la mkoani likizidi 80 trafiki wanalisimamisha," nikamwambia. "Wewe unataka kupitisha manyoya ya kondoo juu ya rangi ya jirani yako kwa mwendo mara tatu ya huo."

Nikaandika hesabu ya pili chini yake. Mashine halisi ya polishi, ile ya kuzunguka, ikiwa na pedi ya milimita 180 na imewekwa mizunguko 1,000, ukingo wake unakwenda kilomita 34 kwa saa. Mwendo wa bajaji kwenye barabara ya mtaa. Kijana akaitazama chaki, akaitazama grainda, akairudisha kwenye begi polepole kama mtu anayefunika sufuria.

Sikumcheka, kwa sababu mwaka 2006 kijana huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na grainda ya kuazima na Corolla ya mwalimu mmoja mstaafu. Boneti ilitoka vizuri, nikajiona fundi. Nilipofika ukingo wa fenda ya kushoto, pale bati linapojikunja, nilisikia harufu kama ya plastiki iliyowekwa karibu na jiko la mkaa. Nilipoinua mashine, doa la kijivu lenye ukubwa wa shilingi mia lilikuwa linanitazama. Praima. Rangi yote ya pale ilikuwa imehamia kwenye pedi. Nilipiga fenda nzima rangi upya kwa hela yangu, na mwalimu, kwa upole uliouma kuliko matusi, aliniuliza swali moja tu: "Kwani mwanangu, hukujua kuna kiasi gani pale?"

Sikujua. Kila nitakalosema hapa kuhusu mashine ni jibu la swali lake.

Kuna kiasi gani pale?

Chukua karatasi moja ya fotokopi, ile ya kawaida ya A4. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani maikroni 100. Rangi yote ya gari lililotoka kiwandani, kuanzia ile ya kuzuia kutu iliyoshika bati hadi mng'ao wa juu kabisa, kwa kawaida huwa kati ya maikroni 100 na 150. Gari zima limevaa karatasi moja, au moja na nusu.

Hata hivyo karatasi yenyewe si yako yote. Chini kuna koti la kuzuia kutu, linafuata praima, halafu rangi unayoiona, kisha juu kabisa klia, ile isiyo na rangi. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo yenye dawa nyingi ya kuzuia jua lisiipaushe rangi ya chini yake. Unene wake mara nyingi ni maikroni 40 hivi, chini ya nusu ya ile karatasi. Unywele wa kichwani kwako huenda ni mnene kuliko yote uliyonayo ya kuchezea.

Kupiga polishi ni kukwangua klia hiyo. Watu wengi hudhani tunaongeza kitu, kwa sababu gari linaingia limefubaa na kutoka linameremeta. Hatuongezi. Ndani ya kompaundi, ile dawa tunayoweka kwenye pedi, kuna chembe ngumu, nyingi zikiwa za oksidi ya alumini, na kazi yake ni kushusha uso wa klia hadi ulingane na chini ya mkwaruzo. Uso ukiwa sawa, mwanga unarudi sawa, na jicho linaona kioo. Duru moja ya kiasi inaondoa maikroni chache. Duru nzito ya kompaundi kali inaondoa zaidi.

Klia ni kibubu ambacho kiwandani walikijaza, kisha wakaziba tundu la kuingizia. Wewe unaweza kutoa tu. Mashine nzuri, basi, ni ile inayokuruhusu kutoa kidogo, na ikikutokea ukakosea, inakusamehe.

Utando wa buibui

Saa tano jua lilipokuwa limekaa vizuri, nilimpeleka kijana kwenye gari la mteja mmoja, Premio ya bluu iliyoiva. Nikamwambia atazame pale jua linapojionyesha kwenye boneti. Kulizunguka lile jua dogo kulikuwa na nyuzi nyembamba, duara ndani ya duara, kama buibui amefuma usiku.

"Sasa sogeza kichwa."

Akasogea kushoto, na utando ukamfuata. Akasogea kulia, ukamfuata. Ndipo nikamweleza kwamba hakuna duara pale. Ni mikwaruzo midogo maelfu iliyolala kila upande, na jua linawasha ile tu iliyokaa kwa kulizingira. Ukihama, inawashwa mingine.

Chanzo chake mara nyingi ni kitambaa kikavu. Vumbi la Dar es Salaam lina mchanga ndani yake, na kila alfajiri mlinzi mwenye nia njema hulifuta gari la bosi wake kwa fulana kuukuu kabla halijamwagiwa tone la maji. Huo ni msasa, umekosa namba tu. Gari jeusi linaonyesha zaidi, na zipo nyeusi ambazo ni laini kwa asili. Nyeusi ya Toyota yenye namba 202, ambayo utaikuta kwenye kibati cha gari mbele ya neno la rangi, inakwaruzika hata ukiitazama vibaya. Nilimwambia kijana aichungulie Harrier ya jirani kabla ya kuahidi lolote.

Kisha nikamfundisha kipimo kisichouzwa dukani. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, taratibu, kwa kuukata. Ukipita bila kusikia kitu, mashine inaweza kuumaliza. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umeshuka mno, na kuufuata hadi chini yake ni kumaliza kibubu. Huo unalainishwa kingo zake na kuachwa.

Jiwe la mnoa visu, na pia

Mashine za polishi ya gari ziko za aina kuu tatu, nazo unaweza kuzielewa bila kufungua hata moja.

Umemwona mnoa visu anayepita mitaani na baiskeli yake. Anakanyaga pedali, jiwe linazunguka kwenye mhimili mmoja, hapohapo, njia ileile. Akikikandamiza kisu zaidi, jiwe linakula zaidi. Halimjui mwenye kisu wala halina huruma naye. Hiyo ndiyo rotari. Mota inazungusha shafti, shafti inazungusha pedi, basi. Nzuri inaanzia mizunguko 600 kwa dakika na kupanda hadi 3,000 hivi, na uzito wake huwa kilo mbili hadi tatu na ushei. Inakata haraka kuliko zote. Gari lililotoka kupigwa rangi na kusuguliwa kwa msasa wa maji namba 2000, rotari yenye pedi ya manyoya italirudishia mng'ao wakati wengine bado wanatafuta soketi.

Lakini moto wote inaurundika mahali pamoja. Ukisimama sekunde chache zaidi kwenye ukingo, ambako rangi hukaa nyembamba, yanakupata yaliyonipata. Kwenye bampa ni hatari zaidi, kwa kuwa plastiki haisambazi joto kama bati. Bati linalipeleka joto pembeni. Plastiki inaliweka palepale hadi rangi inavimba. Na hata usipochoma, mkono usiotulia unaacha alama za mizunguko, mawingu yanayotembea ukilizunguka gari juani. Bandani kwenye kivuli huyaoni. Mteja anayaona kesho yake kwenye foleni, amekaa nyuma ya usukani, huna pa kujificha.

Sasa kumbuka pia, ile ya mbao tuliyokuwa tukiizungusha kwa kamba. Inazunguka juu ya msumari wake, na papo hapo mwili mzima unayumba na kutangatanga uwanjani. Ukiigusa kwa kidole, inasimama. Hiyo ndiyo mashine ya aina ya pili, ambayo mafundi tunaiita kwa herufi mbili, DA. Pedi yake imekaa kwenye beringi iliyowekwa kando kidogo ya shafti ya mota, haikufungwa moja kwa moja. Mota inaiyumbisha, na kule kuyumba ndiko kunakoifanya ijizungukie yenyewe. Kwa kuwa haijalazimishwa kuzunguka, ukiikandamiza mno au ukiilaza upande, inaacha kuzunguka na kubaki inatetemeka tu. Kwa fundi mwenye haraka huo ni udhaifu. Kwa anayejifunza ndiyo bima yake, maana kosa lake linaisimamisha pedi kabla halijafika kwenye praima. Haina maana kwamba haichomi kabisa. Ukiing'ang'aniza kwenye ukingo itakula rangi kama nyingine. Ila inakupa muda wa kushtuka.

Ya tatu iko katikati. Inayumba kama DA, lakini ndani ina gia zinazoilazimisha kuzunguka, kwa hiyo haisimami ukiikandamiza. FLEX ya Ujerumani ina moja inayojulikana sana, XC 3401, yenye myumbo wa milimita 8. Ina nguvu na haiachi mawingu kama rotari, lakini ina tabia ya kukuvuta mkono kama mbuzi aliyeona majani. Si ya kuanzia.

FLEX hao ndio waliotoa grainda ya pembe mwaka 1954, hata Wajerumani wengi grainda ya kampuni yoyote huiita Flex, kama sisi tunavyoiita kila dawa ya meno Kolgeti. Nilimwambia kijana ajiulize kwa nini wenye grainda yao, waliotangulia dunia nzima kuwa nayo, walipotaka kupolishi magari walitengeneza mashine nyingine.

Myumbo, kipenyo, na umbo la gari

Ukishaamua DA, kwenye boksi utakutana na namba ya milimita: 8, 12, 15, 21. Ndio upana wa duara la myumbo. Myumbo mdogo ni mpole na hauchagui mahali, ila unachelewa. Myumbo mkubwa unafunika eneo pana na kumaliza haraka. RUPES ya Italia, kampuni iliyoanza mwaka 1947, ndiyo iliyoipa umaarufu myumbo mkubwa kwa mashine zake za BigFoot za milimita 15 na 21, na sasa viwanda vingi vinafuata vipimo hivyohivyo.

Wengi huenda moja kwa moja kwenye 21 kwa imani kwamba kikubwa ndicho bora. Mimi nauliza kwanza: unapolishi magari gani? Noah na Hiace zina mabati marefu, bapa. 21 yenye sahani ya milimita 150 itatembea juu yake kama pasi juu ya kanga. IST na Passo zimejaa mikunjo, na kila penye mkunjo pedi pana inaegemea upande mmoja, inasimama, inatetemeka bila kufanya kazi. Kwa magari madogo yaliyojaa mitaa yetu, sahani ya milimita 125 na myumbo wa 12 au 15 ndiyo ndoa yenye amani.

Kariakoo na laki nne

Kijana alikuwa na laki nne, akiba ya miezi saba. Tulipanda daladala hadi Kariakoo, tukaingia mtaa wa vifaa vya ufundi. Muuzaji wa kwanza alitushika mkono kabla hatujamaliza salamu.

"Karibu mzee wangu. Chukua hii, wati 1,600. Inavuta hiyo!"

Wati ni kiasi cha umeme inachokula. Zinakuambia LUKU yako itaisha lini, hazikuambii rangi itang'aa vipi. DA nzuri nyingi ziko kati ya wati 500 na 1,000 na zinafanya kazi ya mtu mzima.

"Iwashe kwa spidi ya chini kabisa," nikasema.

Ilikuwa rotari. Spidi yake ya chini kabisa, kwa kibati chake yenyewe, ilikuwa 1,500. Rotari isiyoweza kwenda polepole ni gari lisilo na gia namba moja. Sitaki kujua inaishia ngapi. Tukashukuru, tukaondoka.

Duka la pili lilikuwa na mashine ya mitumba, jina kubwa, bei ya kushangaza. Kijana macho yakamtoka. Nikamwonyesha plagi: ya njano, mviringo. Hiyo ni ya kwenye ujenzi huko Uingereza, ambako kwa usalama vifaa vingi vya saiti hutumia volti 110. Umeme wetu ni 230. Ukiikata plagi na kufunga ya kwetu, itaimba kwa sauti nzuri kwa muda mfupi sana. Zile za Japani ni volti 100, za Marekani 120. Zote zinahitaji transfoma, na bei ya transfoma ya kufaa inakula ile nafuu uliyoikimbilia.

Duka la tatu tulikaa. Palikuwa na DA ya kiwanda nisichokijua, myumbo 15, sahani 125. Jina kubwa linasaidia, lakini jina si jibu la kila kitu. Mashine ya bei ya kati iliyo na vipuri mtaani inaweza kumfaa mtu kuliko ya kifahari ambayo swichi yake inaagizwa ng'ambo. Nilifanya mambo yangu matano palepale kaunta. Niliizungusha sahani kwa kidole, mashine ikiwa imezimwa, kusikiliza beringi: inatakiwa kuteleza, si kukoroma. Niliiwasha kuona kama inaondoka taratibu au inaruka kama mwanakondoo, maana inayoruka inatapanya polishi kwenye vioo na nguo. Niligeuza kitufe cha spidi namba moja hadi sita kuhakikisha kila namba ina tofauti. Niliuliza kama kaboni za akiba zipo ndani ya boksi. Mwisho nilimpa kijana aishike ikiwa inazunguka, mikono mbele, tukahesabu hadi mia moja. Gari zima ni saa nne hadi saa nane za kazi. Mtetemo usioweza kuuvumilia kwa dakika mbili dukani utakula viganja vyako.

"Mia," akasema, na mikono ilikuwa bado imetulia.

Ilichukua zaidi ya nusu ya hela yake. Nilifurahi kwamba ilibaki nyingine, kwa kuwa mashine bila pedi ni feni. Tulinunua pedi za sponji: mbili ngumu za kukata, mbili laini za kumalizia. Usichague kwa rangi. Kila kiwanda kina rangi zake, na njano ya huyu ni kali wakati njano ya yule ni laini. Bonyeza kwa kidole gumba. Tukaongeza chupa ndogo ya kompaundi, nyingine ya polishi laini, vitambaa sita vya maikrofaiba na ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia glovu ya kuoshea. Zile ndoo ndizo zitakazozuia mteja asirudi baada ya mwezi akiwa na utando uleule.

Boneti la mazoezi

Nyuma ya banda langu kuna boneti la Corolla jeusi nililolinunua kwa wauza vyuma chakavu. Kila anayetaka kujifunza huanzia hapo. Halina mwenyewe, halina machozi.

Lilioshwa, likakaushwa, likawekwa kivulini. Jua la kwetu linakausha kompaundi kabla haijafanya kazi, na bati lililopata moto wa jua linakuwa limeshakula nusu ya joto unaloruhusiwa. Tukabandika tepu ya karatasi kukata mraba wa sentimita 40 kwa 40, na nyingine kufunika kingo. Matone manne ya polishi laini kwenye pedi, kila moja kama punje ya choroko. Siku zote naanza na laini. Ikishindwa, ndipo naita kali. Ukianza na kali hutajua kama laini ingetosha, na ulichokitoa hakirudi.

Kisha nilichukua maka-peni nikachora mstari kwenye ukingo wa sahani. Ni ujanja mdogo, lakini ndio mwalimu bora wa DA. Mashine ikiwa kazini, mstari ule ukionekana unapita na kupita, pedi inazunguka. Ukiuona umeganda, pedi imesimama. Umekandamiza mno au umeilaza. Kijana alitumia saa nzima akitazama mstari badala ya boneti, na mwisho wa saa hiyo mkono wake ulikuwa umejua uzito unaotakiwa: uzito wa mashine yenyewe na kidogo tu juu yake.

Alipakaza kwa spidi ndogo, akapandisha hadi namba nne, akatembea taratibu, sentimita mbili tatu kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Kwanza kushoto kulia, halafu juu chini. Akafuta. Pakang'aa, akatabasamu.

"Bado," nikasema. Nikapitisha kitambaa chenye spiriti iliyochanganywa na maji. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaa ndani ya mikwaruzo na kuificha. Ukiosha gari mara mbili tatu, inarudi yote. Spiriti inaondoa mafuta na kukuonyesha ukweli. Baadhi ya nyuzi zilikuwa zimebaki. Akarudia.

Hapo ndipo penye somo kwa mwenye gari ambaye hana mpango wa kununua mashine yoyote. Ukimpelekea fundi gari lako, muulize anatumia mashine gani, naye akiitoa, itazame inafanana na nini. Muulize ataanza na kompaundi ipi. Mwambie akufanyie mraba mmoja, aupanguse kwa spiriti, kisha mtoke nao juani pamoja. Kama gari limewahi kupigwa rangi mtaani, mwambie kabla, kwa sababu unene wa klia ya chini ya mwembe anaujua aliyeipiga tu. Fundi mwenye kifaa cha kupimia unene atakipitisha kwenye kila bati. Akikuta maikroni mia tatu mlangoni ilhali kwingine ni mia na ishirini, mlango huo una historia. Hata kifaa hicho kinakupa jumla tu, hakisemi klia ni ngapi ndani yake.

Kijana alikuja kila jioni. Wiki ya kwanza aligandisha pedi mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na hakuna kilichoharibika. Wiki ya pili niliweka rotari yangu mikononi mwake kwa dakika kumi, kwenye kona nisiyoijali ya boneti, ili ajue inavyovuta. Aliirudisha haraka. "Hii haikusubiri, mzee," akasema.

Wiki ya tatu nilimkuta ameliegemeza boneti ukutani, linatazama magharibi, na jua la saa kumi na moja limeangukia juu yake. Nyeusi ya maji ya kisima. Niliinama, nikasogeza kichwa kushoto, kulia. Hakuna utando ulionifuata. Katikati tu ulibaki mstari mmoja mwembamba, kama uzi ulioanguka.

"Na huu?"

Akapitisha ukucha wake juu yake, taratibu, kwa kuukata. Nilisikia mlio mdogo.

"Unakwama, mzee. Nimeulainisha kingo, nikauacha."

"Ungeongeza duru mbili, hujui. Pengine ungeondoka."

"Ungeondoka," akasema. "Na klia nayo."

Nikasimama, nikajipangusa magoti. Nikamwambia kesho alete ile Harrier ya jirani.